Kiapo cha Mtu wa Mapokezi

Nilikuwa mapokezi kwenye kampuni ya madalali wa hisa, ghorofa ya tatu, karibu na Kariakoo. Miongoni mwa wateja wetu alikuwepo mama mmoja wa Kihindi wa Upanga, mwalimu mstaafu, aliyeachiwa hisa na marehemu mumewe. Siku moja alikuja akamwambia meneja mbele yangu, "Nasafiri kwenda kufanyiwa upasuaji. Msiuze hata moja mpaka nirudi."

"Wala usiwe na shaka, mama."

Aliporudi, zote zilikuwa zimeuzwa. Kampuni ikadai aliagiza mwenyewe kwa simu. Akaenda mahakamani.

Ofisi ikapoa. Utani ukaisha, milango ikaanza kufungwa. Asubuhi moja nikafungua daftari la wageni kutafuta jina lake. Ukurasa wa siku ile ulikuwa umechanwa. Nikalifunga. Mchana meneja akaniletea chai mezani kwa mkono wake. Miaka miwili hakuwahi kuniletea hata maji.

Kesho yake wakili wa kampuni akaniita. "Dada, yule mama alifika hapa kabla ya kusafiri?"

"Alifika."

Akaweka kalamu chini taratibu. "Fikiria tena. Si unakaa Ilala? Na mama yako anakutegemea."

Sikuwahi kumwambia ninakokaa. Nikasaini hati ya kiapo kwamba sikumbuki.

Mahakamani niliulizwa mara tatu, nikajibu hivyohivyo mara tatu. Shauri likatupwa. Nje kwenye korido nilimwamkia yule mama, macho chini. "Shikamoo."

Hakuitikia. "Huyo meneja wako," alisema, "siku mambo yakimgeukia atamsukumia nani? Jiangalie, mwanangu."

Mwezi haukuisha, mteja mwingine akashtaki kwa kosa lilelile. Wakili akaniita tena. Safari hii alikuwa na maelezo ya kampuni, tayari yamechapwa: maagizo yote ya simu hupokelewa na mtu wa mapokezi. Chini palikuwa na jina langu, na nafasi ya saini. Meneja alisimama nyuma yangu, mlangoni.

Nikaomba kwenda chooni. Nikashuka ngazi, mkoba wangu nikauacha mezani, nikaenda kwa miguu hadi Upanga.

Yule mama alifungua mwenyewe. Nikamwambia nilidanganya. Hakunikaribisha ndani. Alimpigia wakili wake, akaniwekea simu mkononi, akasema, "Haya, mwambie. Taratibu, aandike."