Sentensi za Nyumba Iliyofungwa

Mwaka jana nilirudi kwetu, kwenye kilima kile cha juu ya Keumbu, kuonyeshwa mpaka wa shamba la marehemu baba. Shughuli ilipokwisha nikatembea peke yangu katikati ya michai, mpaka nikafika mahali ambapo miguu ilisimama yenyewe. Hapakuwa na kitu. Chai tu, imepogolewa sawasawa, na akina mama wawili wakichuma, vikapu mgongoni, wakicheka mambo yao. Nikawauliza kama wanajua hapo zamani palikuwa na nini.

"Hapa ni shamba tu, mama," mmoja akanijibu. "Imekuwa shamba siku zote."

Sikubishana naye. Lakini mimi najua palikuwa na nyumba, na niliwahi kuiogopa kuliko kitu chochote duniani.

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa darasa la sita. Siku hizo kilima chetu kilikuwa cha pareto. Maua yake meupe yalifunika mteremko mzima, na tulipoamka kwenda shule ukungu ukiwa bado umelala bondeni, ulikuwa huoni majani wala mashina, unaona vichwa vyeupe tu vikielea. Nyanya alikuwa akiniamsha kwa harufu ya uji wa wimbi na ndizi iliyochomwa majivuni. Nikitoka mlangoni aliniambia neno lile lile kila siku: "Jicho likiona, mdomo usikimbilie kushuhudia." Nililishika neno hilo vizuri, vizuri kupita kiasi, kama utakavyoona.

Njia ya shule ilipita karibu na boma la mwenzangu wa dawati. Alikuwa msichana mkimya, mwenye shingo ndefu na mwandiko mzuri kuliko wetu sote. Aliishi na babu yake, kwa maana baba yake alikuwa akifanya kazi katika mashamba ya chai Kericho na alirudi mara moja moja. Mama yake hakuwapo tena. Alikuwa ameugua, tukaambiwa amerudishwa kwao Masimba, na baada ya hapo babu akatangaza kwamba hataki jina la mwanamke yule litajwe kilimani. Watu walikubaliana kimya kimya kwamba amefariki. Nyumba yake, ya udongo na nyasi, ilifungwa kwa nje kwa gogo, na migomba ikaachwa iizunguke mpaka ikabaki paa tu.

Sisi watoto tulipita hapo tukikimbia. Tulisema nyumba ile inapumua. Asubuhi nyingine ungeona moshi mwembamba ukipenya kwenye nyasi za paa na kujichanganya na ukungu, ukabaki kujiuliza kipi ni kipi. Siku moja nilisimama kufunga mzigo wangu wa kuni, nikasikia wimbo wa kubembelezea mtoto, sauti ya chini sana, bila maneno. Nilikimbia nikaziacha kuni. Nyanya aliponiuliza ziko wapi, nilisema nimeanguka.

Muhula huo tulipata mwalimu mpya wa Kiingereza, dada mmoja kijana kutoka Maragoli. Alikuwa mpole, lakini kwa Kiingereza hakuwa na mchezo. Anayesema Kigusii darasani alivishwa kibao shingoni, na anayesema Kiswahili hakupona. Wiki tatu nzima alitufundisha jambo moja: namna ya kusema kwamba kitu kipo, na mahali pa kuliweka lile neno dogo linaloeleza kipo vipi. Bado kipo, kipo kila mara, kipo kwa nadra. Sisi tulilitupa neno hilo popote. Kwa Kiswahili unaweza kusema bado kuna maji mtungini, au kuna maji bado mtungini, na mtungi haukasiriki. Mwalimu alikasirika. Alipiga ubao kwa chaki: "Kwanza there is. Halafu neno dogo. Halafu kitu chenyewe. Halafu mahali. Neno dogo halitangulii, wala halikimbilii mwisho!"

Kila siku tuliandika sentensi moja nyumbani kila mtu, na mimi, niliyekuwa kiranja, nilibeba madaftari kumpelekea mwalimu nyumbani kwake, kwa njia ile ile ya boma. Njiani niliyasoma. Wenzangu waliandika juu ya ng'ombe, mto na kanisa. Mwenzangu wa dawati aliandika juu ya nyumba.

Sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Always there is smoke in the house." Kila mara kuna moshi ndani ya nyumba. Mwalimu alilizungushia neno la mbele wino mwekundu, akachora mshale kulirudisha mahali pake. Siku iliyofuata: "There is sometimes a song in the house." Wakati mwingine kuna wimbo. Nilisimama na madaftari yangu kichwani kwenye njia ile, jua likiwaka. Kumbe si mimi peke yangu niliyeusikia.

Aliendelea hivyo. Kuna wimbo kwa nadra. Moshi ni kama haupo tena. Maneno yalikuwa sasa yanakaa panapotakiwa, na mwalimu alitia alama za vyema. Halafu siku moja ikaja hii: "There is still somebody in the house." Bado kuna mtu ndani ya nyumba. Mwalimu alitia vyema kubwa, na pembeni akaandika kwamba ni sentensi safi kabisa. Aliisoma mbele ya darasa, tukampigia makofi mwenzangu. Yeye aliinamisha kichwa.

Niliamini kwamba anaandika habari za mzimu wa mama yake. Kwetu waliokufa hawaendi mbali. Ningemuuliza, tulikuwa tumekaa bega kwa bega, lakini niliogopa jibu. Nikahamia ukingo wa dawati ili nguo zetu zisigusane. Usiku nililala nimejifunika blanketi mpaka usoni. Wala sikumwambia nyanya. Siku kumi na moja nilibeba daftari lile na kunyamaza.

Siku ya kumi na mbili mwalimu alimwita mbele akiwa na daftari mkononi, akamuuliza kwa Kiingereza.

"Umeandika, There is somebody in the house. Neno dogo liko wapi?"

Mwenzangu aliutazama ubao.

"Juzi uliweza vizuri sana. Haya, tuambie, hapa neno gani linafaa?"

Mwenzangu alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili. "Sijui kama ni bado, mwalimu."

Darasa likacheka. Mmoja alikuwa tayari ananyoosha mkono kukichukua kibao. Mwalimu hakucheka. Alimtazama msichana yule, akazifunua kurasa za daftari kurudi nyuma, mmoja baada ya mwingine, na mara hii alikuwa anasoma kweli. Uso wake ulibadilika. Ndipo nikasimama, na sijui nani aliyenisimamisha.

"Mwalimu, nyumba iko," nikasema. "Moshi nimeuona. Wimbo nimeusikia. Sasa ni siku tatu sijauona moshi."

Mwalimu aliweka chaki chini, akatoka. Tulimfuata wote, darasa zima, tukishuka kwenye pareto.

Babu alitupokea penye migomba, fimbo mkononi. Kiswahili chake alikiokota Kericho ujanani. "Mwalimu, wewe ni mtoto ya watu. Rudi shule. Hapa hakuna mtu."

"Shikamoo, mzee. Mjukuu wako ameandika kwamba yuko."

"Ameandika?" Mzee alimtafuta mjukuu wake kwa macho. Sijasahau mshangao ule. "Huyu alikula kiapo. Hatamwambia mtu kwa mdomo yake."

"Sikusema kwa mdomo, babu," mwenzangu akasema, akilia sasa.

Mzee aliketi chini ghafla, pale pale kwenye majani makavu. Alimwambia mwalimu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba mganga ndiye aliyeagiza. Mkamwana alikuwa anakohoa damu. Aliyemloga asimwone, asisikie jina lake, mpaka wimbi livunwe, ndipo atapona. Chakula apelekewe na mtoto tu. "Mimi sikutaka afe, mwalimu. Nilikuwa namficha kwa kifo."

Mwalimu aliondoa gogo mwenyewe. Mlango ulipofunguka ilitoka harufu ya majivu baridi na ya kitu kitamu kilichochacha. Ndani palikuwa giza. Vibakuli vya chakula vilikuwa vimepangwa kando ya mlango, vya siku tatu, havijaguswa. Halafu kule kwenye kona, katika kile tulichodhani ni rundo la mablanketi, macho mawili yakafunguka, yakatutazama. Watoto walipiga mayowe na kutawanyika. Hata mimi nilikimbia. Mwenzangu peke yake aliingia.

Majirani walikata mianzi, wakaifungia blanketi, wakambeba mama yule mpaka barabarani, na kutoka hapo gari la mfanyabiashara wa ndizi likampeleka hospitali mjini Kisii. Kilikuwa kifua kikuu. Alikaa huko karibu mwaka. Na alipona. Ninakumbuka alivyokuja shuleni siku moja amevaa gauni jeupe la kupewa, nywele zimenyolewa, akitembea polepole kwenye ukungu kumletea mwalimu kuku. Wadogo waliomwona walipanda madirisha wakatokea upande wa pili. Kwao alikuwa amefufuka, na kwa muda mrefu hakuna mtoto aliyekubali kupokea kitu mkononi mwake. Babu aliibomoa nyumba ile kwa mikono yake, hakumruhusu mtu amsaidie. Mwalimu alihamishwa muhula uliofuata. Kibao hakumvisha mtu tena tangu siku ile.

Mwenzangu aliolewa upande wa Nyamira. Tulipoteana miaka mingi, mpaka tulipokutana mbele ya ofisi ya ardhi, wote wawili wazee wenye miwani, kila mmoja na bahasha yake. Tulikumbatiana, tukaketi kwenye benchi. Aliniambia mama yake aliishi mpaka akawaona vitukuu. Tulicheka kidogo. Halafu nikamuuliza lile lililonikaa moyoni maisha yangu yote.

"Dada, mbona hukunionyesha mimi? Tulikaa dawati moja. Ungenisukumia daftari tu. Ukamwandikia mwalimu, mgeni, ambaye alikuwa anatazama tu maneno yamekaa wapi."

Alinishika mkono kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa.

"Sikumwandikia mwalimu," akasema. "Niliandika kwa sababu wewe ndiwe uliyekuwa ukiyabeba. Nilikuwa nakuona unavyosoma njiani."

Wakaita namba yake, akainuka, akaingia.

Pareto imekwisha kilimani kwetu, na nyumba za nyasi zimekwisha, na sijui lini mara ya mwisho nilisikia mama akiimba akiwa ndani, sauti ikitoka kwenye paa pamoja na moshi. Watoto wa sasa hupita pale wakikimbia kwa sababu tu wamechelewa shule. Hakuna cha kuwatisha. Nyanya yangu naye alikwisha zamani, na hekima yake sijamrithisha mtu. Wajukuu wangu wakija na jambo la ajabu waliloliona njiani, hata kama ni upuuzi mtupu, naacha sufuria iungue, nakaa chini nawasikiliza.