Hadithi za Baba Nilizipeleka Ofisini

Admin, ukiiweka hii nifiche vizuri, maana mtaani kwetu Magongo tunajuana hadi kwa kikohozi. Nina miaka thelathini na moja, sijaolewa, naishi na wazazi wangu, na nafanya kazi katika ofisi moja kule kisiwani inayoandika ripoti za uchumi. Mtanitukana, najua. Nawaomba tu mnisome mpaka mwisho kwanza.

Baba yangu ni mtu wa matanuri ya kuchemshia mafuta katika kiwanda cha serikali cha kusafisha mafuta. Alitoka Kaloleni kijana hana kitu, na kiwanda hicho ndicho kilichonilisha na kunisomesha mpaka chuo kikuu. Tangu utotoni, hadithi zetu za mezani zilikuwa za kazini kwake, na aliyoipenda zaidi ni ya umeme kukatika. Umeme ukikatika matanuri yanazimika, na mafuta yaliyokuwa njiani mengine yanachomwa kule juu ya mnara, mengine yanarudishwa kuanza upya. Hapo baba na wenzake hawaendi nyumbani. Wanapasha moto polepole, zamu kwa zamu, kwa sababu ukiharakisha unaharibu mitambo. "Wiki hii tumewasha mara tatu," alikuwa akituambia, vidole vitatu juu. Nasi tulimpigia makofi.

Mwaka jana ofisi yetu ikapewa na serikali kazi ya kuchunguza kama kiwanda kinafaa kuendelea. Nilipaswa kusema kwamba mzazi wangu yumo. Nilinyamaza, nikajidanganya kwamba nitakuwa mtetezi wao humo ndani. Ukweli ni kwamba nilitaka kuonekana kazini. Na hesabu zilikataa. Mitambo imezeeka: mafuta ghafi yakiingia yanatoka mafuta mazito mengi, ambayo wanunuzi wake wamepungua, na petroli kidogo. Meli ikileta petroli iliyosafishwa tayari ng'ambo, inatua bandarini kwa bei nafuu kuliko ya kwetu, na tofauti hiyo anaibeba mwenye bodaboda wa Mjambere na mama anayepikia stovu ya mafuta taa. Hilo bado naliamini, hata leo.

Mkubwa wangu akasema ripoti inahitaji kitu cha kushikika. Nikaandika habari za umeme: kwamba ukikatika, kiwanda kinateketeza mafuta yake chenyewe bila kutoa cha kuuza, na kwamba kuna wiki kiliwashwa mara tatu. Alinisifu mbele ya ofisi nzima. Nilipoongeza ukurasa kuhusu Magongo, nyumba za kupanga zitakazobaki tupu na akina mama wanaouza chakula getini, aliutoa. Alisema hatukuulizwa hayo. Sikubishana naye.

Ripoti ikapendekeza kiwanda kifungwe, yabaki matangi ya kuhifadhia mafuta ya meli na watu wachache wa kuyaangalia.

Nakala iliyowafikia wafanyakazi ilikuwa na jina la serikali tu, na nyumbani sikuwahi kusema kwamba ni kazi ya ofisi yetu. Baba alikuja nayo nyumbani nimsomee, maana miwani yake ilikuwa imevunjika. "Rudia hapo pa umeme," akasema. Nikarudia sentensi yangu mwenyewe. Akasema, "Aliyetoa haya amekaa na sisi karibu. Mtu wa nje hayajui."

Lawama zikamwangukia Ami Athumani. Huyu ni mzee wa Kisauni, wamefanya zamu moja na baba tangu mimi sijazaliwa. Kosa lake ni kwamba wakubwa walimtuma awatembeze kiwandani wenzangu wa ofisini walipokuja kuchunguza. Siku hiyo mimi nilijifanya nina kazi nyingine. Sasa kazini hakuna anayekula naye. Mwezi uliopita alimwoza binti yake wa mwisho, na baba, aliyetarajiwa kukaa naye harusini kama ndugu yake, akakataa kwenda na akamzuia mama kupeleka sufuria za kupikia. Nilikwenda peke yangu. Nilimkuta Ami mlangoni, anaangalia njia.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Babako yuwaja?"

Nikamwambia anaumwa.

"Mwambie wallahi mimi sikutoa neno. Wale watu niliwaonyesha njia tu, hata chai sikunywa nao."

Nikamjibu nitamwambia. Nikala pilau yake, nikarudi nyumbani, na sikumwambia baba chochote. Najichukia kwa hilo kuliko hata ripoti yenyewe.

Ijumaa hii kamati ya serikali inakuja kuwasikiliza wafanyakazi kabla ya uamuzi. Jana baba akaniita.

"Abee, baba."

Aliweka karatasi mezani. "Msomi wetu ni wewe. Tuandikie jibu, na utalisoma mwenyewe mbele yao. Mwanzo kabisa weka jina la Athumani, wajue tumeuzwa na mtu wetu."

Nikasema huenda si yeye.

"Kama si yeye, ni nani? Mambo yale nimeyasema mahali pawili tu, kazini na hapa mezani." Akaniangalia kwa muda, kisha akacheka kidogo, kama mtu aliyewaza upuuzi, akanisogezea kalamu.

Ndugu zangu, nikisema ukweli Ami Athumani atasafishika, lakini wenzake baba watajua maneno yalitoka kinywani mwake, na aibu ile yote itahamia kwake katika siku zake za mwisho kazini. Nikinyamaza, nitasimama Ijumaa nimtaje mzee asiye na hatia, wa kwanza kabisa, kwa sauti yangu. Leo ni Jumatano na karatasi bado ni nyeupe. Kila akipita baba ananiuliza nimefika wapi. Nipeni shauri lenu, nikisimama pale nisome nini?