Mgombea Aliyejificha

Mkutano wangu wa kwanza wa kampeni niliufanya nikiwa nimejificha. Msinicheke bado, wajukuu zangu. Mbele kuna pa kuchekea zaidi.

Nilizaliwa Naipingo, lakini mama alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Kwa hiyo ujanani niliingia kambi ya wapigania uhuru hapa Nachingwea, nikaenda kupigana na Wareno nchini kwao mama. Kamanda wetu alikuwa mtu mfupi aliyenong'ona hata akigombeza. Alitufundisha mambo matatu: usirudi kwa njia uliyoendea, usiseme unakolala, na mahali pa kukutana pabadilishwe dakika ya mwisho. Waliosahau tuliwazika. Mimi sikusahau hata moja, ndiyo maana leo mnanisoma.

Vita vilipokwisha nililima korosho miaka mingi, kisha chama kikanipeleka Ruangwa kuwa katibu wa tawi, kazi ya kuandikisha wanachama na kutunza muhuri. Huko usiri ulinifaa. Tabu ilianza niliporudi Nachingwea kugombea udiwani wa Chiola, yaani kuisemea kata kwenye halmashauri. Kiti kile nilikitaka kwa moyo wote. Kisima chetu kilikuwa kimekauka, na mke wangu, Somoe, alifuata maji hadi kata ya pili.

Mkutano wa kwanza wa kampeni ulitangazwa uwanja wa mnada. Asubuhi nikaona watu wengi mno wamejua. Nikauhamishia bondeni, nikawaambia wachache ninaowaamini, nikaweka na neno la siri. Walifika watatu: katibu wa kata, shemeji yangu, na mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa akitafuta ng'ombe wake. Nilihutubia saa nzima kwa kunong'ona.

"Mzee, maneno mazuri sana," akasema mfugaji nilipomaliza. "Ila ng'ombe hukumwona?"

Katibu wa kata akafoka. "Ndugu mgombea, uwanjani kumejaa umati, ngoma inapigwa, na wewe uko kichakani! Unamwogopa nani?"

"Sijamjua bado," nikajibu. "Hatari yenyewe ndiyo hiyo."

Nyumbani Somoe alikwisha kupata habari. "Baba Asha, unaomba kura au unaiba kuku? Mimi nabeba ndoo mpaka shingo inauma, wewe unabeba siri!"

Iliniuma, maana alisema kweli.

Kesho yake nilisimama mnadani kweupe, nikiogopa kuliko siku yoyote ya vita. Nikataja jina langu kamili, la baba yangu, na nyumba ninayolala: ile ya mlango wa bluu, nyuma ya msikiti. "Mkinichagua, njooni mnigongee."

"Huyo namfahamu!" akapaza sauti yule mfugaji. "Nilimsikiliza karibu peke yangu!"

Uwanja ukacheka, nikashinda, kisima kikachimbwa. Na kweli wakanigongea, vipindi viwili vizima: mbuzi kala ufuta, ng'ombe kaingia shambani, mume kakimbia. Wareno hawakunipata kamwe. Wananchi wa Chiola walinipata hata chooni.

Sasa nimestaafu. Diwani mpya ni kijana mzuri, ana simu mbili. Jana jua lilifika utosini bila mtu kupiga hodi. Nilikaa ndani kimya nikisikiliza nyayo, kama nilivyofundishwa. Hakuna. Nikachukua kiti, nikakiweka nje ya mlango wa bluu, nikakaa pale ambapo hata Mreno angeniona.