Tanga Lililokataa Kukunjika Ziwani Singidani

Nisikilize taratibu, ndugu yangu wa Manyoni, maana safari hii hata mimi sikuitaka. Dada yangu alinitumia ujumbe kutoka Singida. Mumewe, Ntandu, anayetunza mashua ya bwana mmoja wa serikali ya Mwingereza, alikuwa ameponea chupuchupu: tanga la mbele lilikataa kukunjwa, upepo wa Ziwa Singidani ukamsukuma hadi karibu na mawe. "Wewe ni fundi wa reli," dada alisema, "njoo kabla sijawa mjane."

Asubuhi nilipanda lori. Tulipopita Ikungi upepo ulikuwa tayari unainua vumbi. Nikawaza: nchi kavu uko hivi, majini je? Sijui kuogelea.

Alasiri nilifika kwao Mandewa, pale Singida.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mkaidi wako huyo hapo."

Ntandu akacheka. "Shemeji, mbona umekauka mdomo na maji hujayaona?"

"Gari moshi halizami," nikamjibu.

Kesho yake, ufukweni. Usihofu, jambo lenyewe linaeleweka. Tanga hilo hujiviringisha kwenye waya wake kama mkeka. Chini yake, puani mwa mashua, kuna kigurudumu chenye kamba. Ukiivuta, kigurudumu huzunguka na tanga hujikunja; tanga likifunguka, kamba hujizungusha tena humo. Nilikizungusha kwa mkono, kikagoma. Ntandu alikuwa amekipaka mafuta ya kondoo, kama tunavyopaka ngozi na miguu yetu wenyewe. Mchanga na chumvi ya ziwa vikanasa humo, vikagandamana. Tulikiosha kwa maji ya moto, tukakisuuza kwa maji ya kisima, nikatia matone ya mafuta ya cherehani. Kikazunguka.

"Haya, tukakijaribu," Ntandu akasema. Nikapanda mashuani, nikashika ukingo kwa mikono miwili.

Katikati ya ziwa Ntandu aliliachia tanga, likajaa upepo kwa kishindo. Kamba ikajizungusha ovyo kwenye kigurudumu, mzunguko mmoja ukabanwa chini ya mwingine. Mawe yalikuwa yanatujia.

"Kunja!" nikapiga kelele.

Akavuta. Wapi! Akavuta kwa nguvu zaidi, kamba ikazidi kujibana.

"Acha kuvuta! Geuza pua itazame upepo!"

Ntandu akageuza usukani, tanga likaanza kupigapiga bila nguvu. Nilitambaa kwa tumbo hadi mbele, chumvi ikiniwasha macho, nikaichomoa kamba mzunguko baada ya mzunguko huku nikimwomba Mungu kwa Kinyaturu.

"Vuta sasa, polepole!"

Tanga likakunjika. Mawe yalikuwa karibu kiasi cha kuona ndege wakinyoosha shingo kututazama.

 Jioni dada aliziona nguo zetu zilizolowa, akageuka kukoroga uji.

Niko Manyoni sasa, na ziwa lile silitamani tena. Lakini sababu ya hatari naijua, nawe unaweza kuiepuka. Unapofungua tanga kama hilo, usiiachie kamba ya kigurudumu. Ishike kwa mkono mmoja, uikaze kidogo, uiache iingie polepole mpaka tanga lote liwe wazi.