Wimbo Nilioupeleka Harusini Ngoliba

Nakumbuka Jumamosi ile tulipoenda Ngoliba kumchukua Njeri, bibi arusi wa kaka yangu Kamau. Niliimba wimbo mmoja tu, harusi ikasimama. Mwanangu, nitakueleza vile ilikuwa, na sitajipunguzia kosa.

Wakati huo nilikuwa msichana wa kazi kwa mwalimu mmoja wa kike huko Kiganjo. Kwake kulikuwa na televisheni, na kila Jumatano jioni majirani walijaa kuangalia mchezo uliokuwa ukiendelea wiki kwa wiki. Mimi nilikuwa nje kwa karai, naosha vyombo. Picha sikuziona. Lakini masikio yangu yalikuwa makali, na bado ni makali, ninyi mnaonong'ona jikoni mnajua.

Jumatano moja mchezo ukatoa muziki wa filimbi, wa polepole, mtamu ajabu. Nyumba yote ikanyamaza. Nikasema moyoni, hawa wamependezwa. Ulipopigwa tena mwisho wa kipindi, nilikuwa nimeushika wote. Watu walitoka bila maneno mengi, na mimi sikumuuliza hata mmoja ulikuwa muziki wa nini. Niliogopa kuonekana mshamba. Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu utotoni, lakini ujana una kiburi chake.

Sasa, harusi zetu unazijua. Watu wa bwana arusi wakifika, wanawake wa kwao msichana wanafunga lango, na ninyi mlio nje mnaimba mpaka waridhike. Wa ndani wanajibu kwa wimbo, wanawatania, wanadai hiki na kile. Ukiimba vizuri unafunguliwa upesi. Ukiimba vibaya utasimama hapo, na jua la Ngoliba halina huruma.

Mimi nilitaka tuwashinde kwa wimbo ambao hawajawahi kuusikia langoni. Tulipokuwa tukifanya mazoezi nyumbani Ruiru, niliwafundisha wanawake wetu ule muziki, nikautilia maneno yangu mwenyewe: tumekuja kumchukua, hapa hatarudi tena. Shangazi Wangari, aliyekuwa akituongoza, akaniuliza kama nina hakika ni wa harusi. Nikamjibu ndiyo, kwenye televisheni waliupiga harusini. Nilisema hivyo bila kupepesa jicho. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Siku ikafika. Wanawake wa ndani walianza vizuri, wakatuuliza kama Ruiru hakuna wasichana ndiyo tunakuja kuwasumbua wao. Tukajibu, tukacheka. Kisha nikaanzisha wimbo wangu, na wenzangu wakaupokea. Wa ndani wakanyamaza. Nikafikiri tumewaweza, nikapandisha sauti. Hapo ndipo tukasikia mtu akilia ndani ya nyumba, kilio cha kweli.

Akatoka mama mzee kwa upande wa ua, leso imefungwa kiunoni. Alikuwa cucu yake Njeri, nyanya yake mzaa mama. Hakupaza sauti. Aliuliza ni nani ameleta wimbo huo. Wenzangu wote wakanigeukia, hata Shangazi Wangari.

"Ni mimi, cucu."

"Umeutoa wapi?"

"Kwa televisheni."

"Televisheni ilikuwa ikionyesha nini?"

Mwanangu, ningeweza kuurudia ule uongo. Ulikuwa umeshazoea mdomo wangu. Lakini yule mama alinitazama vile mtu anavyopima mahindi kama yamekauka, nikajua hanunui.

"Sikuona. Nilikuwa nje naosha vyombo."

"Na waliokuwa ndani, hawana midomo?"

Ndipo akatuambia. Ule muziki ulipigwa wakati watoto wa kwenye mchezo walipokuwa wakimzika mama yao. Njeri aliuangalia mchezo huo kwa jirani, na yeye alikuwa amemzika mamake mzazi mwaka huohuo, mvua kubwa ilipokuwa ikiisha. Sasa asubuhi ya harusi yake anasikia watu wa kwa mumewe wakiimba muziki wa kaburini, ati wamekuja kumchukua na hatarudi. Alikuwa amevua kitambaa cha kichwa. Alikuwa amesema haendi.

Kamau alikuwa nyuma na wazee. Shangazi akaanza kuomba msamaha kwa niaba yetu, maneno mazuri sana. Cucu akamkatiza. Akasema kinywa kilichofunga lango ndicho kitakachoenda kulifungua, akanishika mkono, akaniingiza peke yangu.

Njeri alikuwa ameketi kitandani, macho yamevimba.

"Mlikuja kunicheka?" akauliza.

"Hapana. Sikujua ni wimbo wa nini. Niliulizwa, nikasema najua. Wengine wote nimewadanganya mimi."

Akakiokota kitambaa chake cha kichwa, akakikunja magotini. Kisha akasema, "Wimbo wenyewe unaupenda?"

"Naupenda."

"Hata mimi. Mama angeupenda." Akajifuta uso. "Toka nje uimbe unaoujua."

Nilitoka nikaanzisha ule wa mama zetu, wa zamani, ambao niliudharau kwa sababu kila mtu anaujua. Wa ndani wakajibu. Lango likafunguka jua likiwa utosini, na mimi nikatozwa faini ya kuwachotea wapishi maji hadi jioni, nikiwa nimevaa nguo yangu mpya. Nilichota.

Mwanangu, siku hizi mnaelekeza simu kwa televisheni na inawatajia jina la muziki kabla haujaisha. Ni vizuri, siwakatazi. Lakini jina tu halitoshi. Kabla hujaupeleka mbele za watu, angalia ulipigwa wakati gani, ni nani alikuwa akilia ama akicheka, na unaompelekea amepitia nini. Kama hujui, sema hujui. Kusema hujui kunauma mara moja. Kujifanya unajua kungemnyima kaka yangu mke. Na ukikosea, nenda mwenyewe kwa uliyemuumiza. Usitume shangazi.

Mungu akupe maisha marefu, mwanangu, na akuzungushie watu watakaokuambia ukweli mapema. Nawe uwe mmoja wao.