Petroli ya Bei ya Juu na Makapi ya Mahindi

Mwanangu alikuja kuniambia anauza gari. Alisimama mlangoni na funguo mkononi, sauti ameishusha kama katekista anayesoma matangazo ya misa. "Mama. Hii gari. Imenishinda. Inakunywa sana. Na haivuti."

Nikamjibu kwa sauti hiyohiyo. "Mwanangu. Hata baba yako. Alikuwa anakunywa sana. Na sikumuuza."

Hakucheka. Hapo nikajua mambo ni mazito.

Mimi gari yenyewe sina shida nayo, shida yangu ni dada yangu. Yeye anakaa juu ya Dareda, ukipanda ule mlima wa kwenda Mbulu. Mimi niko huku Maisaka, na nyonga yangu ilishakataa pikipiki zamani. Basi nalo linakushusha barabarani, halafu utembee mpaka kwake, nani atembee? Kila mwezi mwanangu alikuwa ananipeleka. Tukifika, mimi na dada tunaongea kilugha chetu, tunawaigiza marehemu wote mmoja mmoja, jinsi walivyokohoa, jinsi walivyogombana, mpaka tunashika mbavu. Amebaki yeye tu wa kucheka naye hivyo. Gari ikiuzwa, nilijua tutakutana msibani, na mmoja wetu atakuwa ndani ya jeneza, hachekeshwi tena.

Ugonjwa wa gari ulianza baada ya mavuno. Ni gari ya zamani, lakini ilikuwa inapanda. Mara ikaanza kukohoa, kho, kho, kho, na moshi mweusi nyuma kama jiko la kuni mbichi. Mlimani ikatushinda kabisa, tukageuza, na dada alikuwa ameshachemsha maziwa.

Ofisini kwake wenzake wakamwambia mwanangu dawa ni petroli ya bei ya juu, ile wanaita premiamu. Tukaenda kituoni. Binti wa kujaza mafuta akaja anaimba maneno, "Bosi, hii ukiweka gari inakuwa nyepeeesi kama karatasi!"

Nikamwambia, "Binti, na mimi niwekee kidogo."

"Aa, bibi, shikamoo! Wewe kunywa chai."

Tulipotoka pale mwanangu akakaza shingo, anasikiliza injini kama daktari anayesikiliza kifua. "Mama, unasikia? Imebadilika."

"Nasikia," nikamwambia. "Sasa inakohoa kwa heshima."

Mlima ukatushinda tena. Akajaza ileile mara ya pili, mlima ukatushinda mara ya tatu. Ndipo akaja mlangoni na ule uso wa matangazo. Mnunuzi alikuwa ameshapatikana, mtu wa Mutuka, anakuja Jumamosi.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikamwambia, basi angalau ipeleke kwa fundi kabla ya kuiuza, usije ukaaibika. Nikaenda naye, maana nilitaka kuiaga.

Fundi ni mzee mwenzangu, anaongea kwa pua. Akafungua boneti, akachomoa chujio la hewa, akaligonga chini. Yakamwagika makapi ya mahindi, wee! Kama mtu anayepepeta kwa ungo. Akaniangalia mimi, akamwangalia mwanangu. "Nnn, hii gari mlikuwa mnaendesha au mnapukuchulia mahindi?"

Nikajifanya nakagua matairi. Mimi, ambaye hata padri namwangalia usoni.

Maana ni mimi. Siku mashine ya kupukuchua ilipokuja uani, nilimwambia mwanangu aegeshe gari pale karibu yake, izuie makapi yasiruke kwenye nguo za jirani, kwa sababu mwaka wa nyuma tuligombana naye kwa hilo. Halafu nikataka kwaya. Nikasema fungua redio ya gari, na injini usizime, betri isije ikaisha. Basi gari ikaunguruma pale tangu asubuhi mpaka jioni, inatuimbia na inavuta makapi.

Mwanangu akauliza, "Na ile petroli ya bei ya juu, mzee?"

"Nnn, ile ni ya injini zinazobana sana hewa na mafuta ndani, zikipewa ya kawaida zinagonga. Hii yako ilitengenezewa ya kawaida. Ukiipa ile ya ghali haijui hata tofauti. Yenyewe ilikosa hewa. Wewe nikikuziba pua halafu nikakupa pilau, utakimbia?"

Akaweka chujio jipya, akasafisha na plagi. Tukajaza petroli ya kawaida.

Jumamosi hatukumsubiri mnunuzi. Mwanangu alimpigia simu mapema akamwomba radhi. Tulipofika chini ya mlima nikashika mlango kwa mikono miwili, nikafumba macho. Nikasikiliza. Hakuna kho. Nikafumbua jicho moja, naona mabonde yako chini yetu, na nyuma hakuna moshi. Nikauachia mlango mkono mmoja.

Nikaona niseme tu. "Mwanangu, ni mimi niliyekuambia uegeshe pale kwenye mashine."

Akashusha sauti, macho barabarani. "Mama. Nilijua. Tangu kwa fundi. Nilikuwa nasubiri. Uungame."

Nilicheka mpaka nyonga ikauma. Na dada alipotoka nje alikuta bado nacheka, hajaambiwa kitu, akaanza na yeye.