Soksi za Kupandia Mlima wa Kagunga

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Nilikuwa muuguzi kijana, nimehamishiwa Kigoma kutoka Lushoto, miaka ile wakimbizi wa Burundi wakiingia kila uchao. Mtu wa Lushoto hujiona bingwa wa milima, na kiburi changu kilianzia hapo.

Surua iliwaingia watoto waliojihifadhi kwenye kitongoji kimoja juu ya mlima, nyuma ya Kagunga, kijiji cha kando ya ziwa. Barabara hakuna. Mama mmoja Mrundi, Mama Spesi, mwenye wajukuu wawili huko juu, aliteremka kunifuata mimi na kasha la chanjo. Barafu iliyokuwa ndani ingehimili hadi saa nane mchana. Ikiyeyuka, chanjo imeharibika, na boti ya kuleta nyingine ni wiki ijayo.

Miguuni nilivaa viatu vya kazini na soksi nyeupe za nailoni zenye maua pembeni, nilizonunua soko la Mwanga, pale Kigoma mjini, kwa sababu zilimeta. Zilikuwa kubwa kwangu, lakini nilijiambia soksi ni soksi. Mama Spesi alivaa makubazi ya tairi na soksi nene za sufu, alizofuma mwenyewe. Nilimcheka moyoni. Soksi na makubazi! Ujana nao una mambo.

Hatujafika hata nusu ya mlima, kisigino kikaanza kuwaka. Soksi imeloa jasho, imejikunja ndani ya kiatu, inanisugua. Nikajikaza. Ningeanzaje kulalamikia soksi mbele ya mama aliyetoka kwao kwa miguu, mjukuu mgongoni? Niliona haya. Basi nikawa natembea kwa ncha za vidole huku natabasamu, utadhani napigwa picha.

Mama Spesi akasimama. "Mwana wanje," akaniita, yaani mwanangu kwa Kirundi, "mbona unatembea kama kuku anayevuka tope?"

"Niko sawa, mama. Twende, barafu inayeyuka."

"Kaa. Vua viatu."

Malengelenge mawili, na moja limeshapasuka! Machozi yakanitoka. Nikamwambia ukweli, kwamba yeye kapitia mengi, nami niliona aibu kulilia kisigino.

Alikasirika kwelikweli. "Nani kakwambia tunashindana maumivu? Sikuteremka kutafuta shujaa, nimefuata chanjo ya wajukuu zangu. Ukianguka hapa, mimi najua kudunga sindano? Ungesema mapema, tungepoteza dakika mbili tu!"

Kisha akalainika. "Ihangane," akasema, ndiyo pole ya kwao, akafungua kifurushi chake na kutoa soksi nyingine za sufu. "Nilipokimbia niliacha masufuria yote. Soksi nikabeba." Nilisafisha kidonda nikakifunga kwa bendeji. Yeye akazigeuza zile soksi, ndani ikawa nje, ili mshono usiguse vidole, akanivalisha na kuzivuta mpaka hakikubaki kikunjo hata kimoja.

Tulifika saa nane kasorobo, barafu imebaki kama kipande cha sabuni kilichotumika kufulia wiki nzima. Mjukuu wake wa kwanza kuchomwa sindano alinipiga teke la tumbo. Sijawahi kufurahia teke kama lile.

Sasa wewe unajiandaa kupanda milima na wenzako, nawe umechagua soksi kwa rangi. Chagua za sufu, au zenye mchanganyiko wa sufu. Pamba tupu ikiloa jasho haikauki upesi, na nailoni nyembamba huteleza. Zikukae sawasawa, usinunue kubwa kuliko mguu wako. Zijaribu ndani ya kiatu kilekile utakachotembelea, pitisha kidole kwenye mshono, na ubebe jozi ya pili iliyo kavu. Na ukisikia joto la kwanza kisiginoni, simama hapohapo useme, hata kama uliofuatana nao wamebeba mazito kuliko yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe miguu mizima, na akupe wenzako wa njiani watakaokugombeza kabla hujaanguka.